Uzi Mwekundu Mguuni mwa Kanga

Mzee Noor,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu wewe hukupenda mtu wa kuzunguka. Mtu akija kambini na salamu ndefu ulikuwa unamkata, "Sema shida kwanza, chai itafuata." Haya basi, nasema shida. Ni mimi Ndinda, Mkamba wako wa jikoni, uliyenifundisha kutengeneza kanga na kwale porini kwa miaka kumi na moja. Mgongo unaniuma, mikono bado inanuka manyoya yaliyobabuliwa, na niko na neno ambalo ningekwambia ukiwa hai kama ningekuwa na moyo wa kutosha. Sikuwa nao, ndio maana naandika.

Nimekaa kwa chumba changu hapa Kitengela, mlango wazi, saa tisa mchana. Jirani wa chini anachomelea mageti na ile mashine yake inalia tangu asubuhi. Vumbi inaingia na mimi naiangalia tu. Kuna siku nilikuwa mtu wa kufagia mara tatu, unakumbuka? Ulikuwa unaniuliza kama nataka kufagia pori lote la Kajiado. Siku hizi hata kikombe cha jana kiko hapo kando yangu.

Ulizikwa alasiri ya siku ile ile uliyokufa, vile nyinyi Waislamu mnazika, na mimi nilikuwa Machakos kwa dada yangu. Nilipofika makaburini kaburi lilikuwa limeshafunikwa na wanaume wanavaa viatu. Nilisimama kando na kitambaa kichwani nikaangalia. Nilitaka kulia na nikashindwa, nilikuwa na hasira. Hasira na wewe, eti hukuningoja. Ujinga gani huo, Mzee, kumkasirikia mtu kwa sababu amekufa kabla hujamaliza kumdanganya!

Lakini wacha nikupe habari kwanza, zitanifikisha huko zenyewe.

Kambi yetu ya kuwinda ndege haiko tena. Wenye ardhi waliuza, na wale wageni wa bunduki na vibali vyao wakaenda zao. Tulikuficha habari hiyo ukiwa hospitali. Mke wako, Mama Halima, alisema ukijua utashuka kitandani uende kugombana na mtu. Sasa kuna nguzo za sementi na waya kutoka barabara ya Namanga hadi pale tulikuwa tunachota maji. Mgunga wetu wa kutundika ndege umekatwa. Nilienda kuona kwa macho yangu, nikakuta kisiki na mbuzi wawili wamelala juu yake. Nilikaa na hao mbuzi kidogo halafu nikarudi.

Kanga wenyewe wamepungua. Juzi niliona saba wakivuka barabara karibu na Isinya, mstari mmoja, vichwa chini, kama akina mama waliochelewa kanisani. Watu kwa gari walikuwa wanapiga picha. Mimi nilikuwa naangalia yupi ni mzee na yupi ni mchanga. Umeniharibu, Mzee. Siwezi kuona ndege nikaona ndege tu.

Unakumbuka ile kwale ya kwanza? Nilikuwa nimeajiriwa kuosha sufuria. Siku hiyo mpishi wako mwingine aliugua, ukanirushia ndege mmoja ukasema nimtengeneze. Mimi najua kuku, nimekua na kuku. Nikachemsha maji, nikamtumbukiza, nikavuta. Woi! Ngozi yote ikaja na manyoya. Ukasimama hapo na miwani yako ya kamba ukaangalia ile nyama uchi mkononi mwangu. "Umemvua mpaka ngozi," ukasema. "Sasa tutampa nguo gani?" Ulicheka hadi ukakohoa. Mimi nililia nyuma ya hema, kazi niliihitaji.

Kesho yake ulinikalisha kwa jiwe ukaanza upya. Ndege wa porini hana mafuta ya kulinda ngozi kama kuku wa nyumbani, ukaniambia. Ananyonyolewa mkavu, angali na joto, manyoya machache machache, kufuata yanakoelekea, na kidole kimeshika ngozi. Nilikuwa navuta mafungu makubwa nimalize haraka. Ukanishika mkono. "Ndege imekufa, Ndinda. Haikimbii tena. Wewe unakimbia wapi?"

Hiyo maneno nimeisikia mara elfu. Hata nikikatakata vitunguu hapa peke yangu naisikia.

Ulinifundisha kubonyeza ncha ya mfupa wa kidari, ikikunjika kanga ni mchanga, ikikataa atachemshwa na tangawizi hadi akubali. Ulinifundisha kutoa matumbo mapema kabla jua halijafanya kazi yake, na kupita kando ya nyongo polepole. Risasi zile ndogo, ukasema, haziingii peke yazo, kila moja inaingia na unyoya wake, kwa hivyo nisitafute risasi, nitafute unyoya nifuate na ncha ya kisu. Na kile kifuko cha chakula shingoni ulikuwa unakifungua kama mtu anasoma barua. Mbegu za nyasi, mchwa, siku moja punje za mahindi. "Huyu alikuwa mwizi," ukasema, "amekula kwa shamba la mtu." Tukacheka.

Na ulinifundisha maji ya chumvi. Ndege akipigwa vibaya, damu inalala ndani ya nyama na inakuwa nyeusi. Unamlaza ndani ya maji ya chumvi, unamwaga, unaweka mengine, hadi nyama inarudi rangi yake. Hiyo ilikuwa ya wageni, ili wasione sahani yao imejaa madoa. Shika hapo, Mzee. Hiyo ya chumvi nitairudia.

Halafu kulikuwa na uzi.

Watu wengi hawakuuelewa. Wageni waliopiga bunduki hawakuwa Waislamu, na ndege aliyeanguka akiwa amekufa wewe hukumgusa kwa kula. Yule Lemayian, kijana wa Kimaasai aliyekuwa anaokota ndege, sasa ni baba wa watoto watatu. Alijua akimpata bado anapumua akimbie naye kwako. Ungemshika, umwelekeze kibla, useme Bismillahi, umchinje, halafu utoe mfukoni ule uzi mwekundu uliouviringa kama gololi, ukate kipande ufunge mguuni. Wenye uzi tawi la kushoto, wasio na uzi tawi la kulia. Mimi Mkristo, nakula yote. Lakini niliuheshimu, kwa sababu kichwa kikishatoka na manyoya yakishatoka, kanga ni kanga. Hakuna mtu duniani angejua tofauti, isipokuwa ule uzi na yule aliyeufunga.

Mwaka wa pili ulianza kunipa gololi nifunge mimi, wewe ukiwa umeshika kisu. Mwaka wa tatu ulikuwa unachinja na kuondoka, unaniachia kila kitu.

Mzee, sasa nasema.

Ni siku ile mkwe wako alikuwa amefika kutoka Garissa. Wiki nzima ulikuwa unatuimbia kwamba mama ya mke wako hajawahi kuonja kanga na utampelekea wawili, wachanga, wa kuchinjwa na mkono wako. Asubuhi Lemayian alikuletea wawili wakipumua, wawili tu siku nzima. Ukawachinja, nikawafunga uzi, nikawanyonyoa kwanza, nikatoa vichwa na matumbo, nikawatundika kushoto. Ukaenda na wageni upande wa bonde. Nikabaki peke yangu.

Nilikuwa na simu ya kupiga. Dada yangu alikuwa amejifungua usiku na sikuwa nimepata habari yake, na unajua pale kambini mtandao ulikuwa kwenye kile kilima tu. Nikapanda. Nilikaa huko labda nusu saa, naambiwa mtoto ni mrefu, mtoto ana nywele, nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Niliporudi mbwa wa mgeni mmoja alikuwa amelala chini ya mgunga akilamba miguu. Tawi la kushoto lilikuwa tupu. Vipande vya mifupa vilikuwa kwa nyasi na nyuzi mbili nyekundu zimetafunwa.

Sitasema niliogopa kufutwa. Hungenifuta. Niliogopa uso wako. Wiki hiyo tayari nilikuwa nimeunguza wali, na ulikuwa umenyamaza tu, na kunyamaza kwako kulikuwa kunaniua kuliko matusi. Nikafikiria vile utamwambia mkwe wako hakuna kitu. Nikafikiria utauliza nilikuwa wapi, na nitasema kwa simu.

Nikaenda tawi la kulia. Nikabonyeza vidari, nikachagua wawili wachanga. Walikuwa wamekufa kabla ya kuguswa na mkono wa mtu. Nikawanyonyoa, nikatoa vichwa na matumbo. Nyama ilikuwa nyeusi pale risasi zilipoingia, damu yote ilikuwa ndani. Nikafanya vile ulinifundisha. Nikachanganya chumvi, nikawalaza, nikamwaga, nikaweka maji mengine, mara nne, hadi wakawa weupe kama wale wako. Halafu nikakata uzi mpya kutoka gololi yako na nikafunga miguuni. Vifundo vilikuwa vizuri sana, Mzee. Mikono haikutetemeka hata kidogo, na hiyo ndiyo sijawahi kujisamehe.

Uliporudi ukawaangalia, ukawageuza, ukanusa. Ukaniambia, "Leo umetulia." Ukawafunga kwa gunia safi. Halafu, kama mtu anayetaka kunimaliza kabisa, ukasema lazima nije nyumbani nile na nyinyi, mkwe wako anataka kumwona huyo Mkamba anayejua ndege.

Nilikuja. Nilikaa kwa mkeka wenu hapa Kitengela, miguu imekunjwa, Halima bado msichana wa shule ananipa maji ya kunawa. Mama Halima alikuwa amewapika na wali, zabibu na iliki, nyumba nzima inanukia. Tulikula sinia moja. Yule mama mzee alikuwa ananyonya mifupa anaongea Kisomali, na ukanitafsiria kwamba amesema nyama ni laini kama ya mwanakondoo. Ukanigusa bega mbele ya wote. "Ukiona uzi wa Ndinda," ukasema, "kula usiulize. Ni kama macho yangu."

Nilimeza. Sijui nilimezaje.

Miaka tisa, Mzee. Kila msimu nilisema nitakwambia msimu ukiisha. Msimu ukiisha nasema nitakwambia wa pili ukianza. Na wewe ulizidi kuniamini, kila mgeni Mwislamu aliyekuja kambini ulimpa hiyo hadithi ya uzi na macho yako. Tangu siku ile sikufunga uzi hata mmoja wa uongo, nakuapia kwa Ngai. Lakini ule wa kwanza ulikaa hapa kifuani.

Nilikuja hospitali nimeamua. Sukari ilikuwa imekumaliza, mikono imebaki mifupa, unapumua kwa shida. Nikavuta kiti. Nikasema, "Mzee, niko na kitu." Ukafungua macho ukaniuliza kama kisu changu kina makali. Nikasema ndio. Ukasema, "Haya." Ukalala. Nilikaa hadi muda wa kuona wagonjwa ukaisha, na hukuamka tena nikiwa hapo.

Sasa nikwambie ya arobaini yako.

Mama Halima alisema siku hiyo watu wa kambi walishwe kile ulichokuwa unawapikia. Siku hizi Lemayian anafuga kanga, alipata kibali akaanza na mayai, yuko na wengi hapo kwake mbele kidogo ya Kajiado. Tulienda huko mapema. Ndugu yako mdogo alichinja kumi na mbili, taratibu, mmoja mmoja. Nikakaa kwa jiwe chini ya mti, na Mama Halima akakaa karibu yangu kunisaidia kunyonyoa. "Takwenya, takwenya," mama ya Lemayian akatusalimia Kimaasai, akatuletea chai ya maziwa tupu. Upepo ulikuwa unapeleka manyoya yenye madoa hadi kwa boma la ng'ombe. Ilikuwa asubuhi nzuri na nilikuwa nimechoka hata kabla ya kuanza.

Halafu Mama Halima akafungua pochi akatoa gololi ya uzi. Ile yako. Alikuwa ameitoa kwa mfuko wa koti lako.

Akasema nifunge. Nikamwambia hapa wote ni halali, wote wamechinjwa tukiona, uzi ni wa nini? Akasema najua, lakini ni kitu yake, funga tu, alikuwa anapenda vile wewe unafunga.

Nilishika uzi. Nilishika mguu wa kanga. Vidole vilikataa, Mzee. Vidole vile vile vya siku ile vilizungusha uzi, vikaufungua, vikazungusha tena, vikaufungua. Akaniuliza, "Abaayo, ni nini?" Amekuwa akiniita hivyo, dada, tangu ile siku ya sinia. Na mimi nikamwambia yote. Simu, mbwa, chumvi, vifundo. Nilimwambia nikiangalia chini, kanga mapajani.

Alikuwa na kanga mkononi amefika mgongoni. Aliendelea kunyonyoa, manyoya machache machache, hadi akamaliza ndege mzima, hadi ule unyoya wa mwisho wa mkiani. Akamweka kwa beseni. Ndipo akasema, "Mama yangu alikula hiyo."

Nikasema ndio. Unajua mama yake ametangulia, miaka minne sasa.

Akasema, "Sisi hatukujua, na Mungu anajua hatukujua. Hiyo hainisumbui. Lakini wewe ulijua, ukakaa kwa mkeka wangu ukatuangalia tukikula."

Nikaanza kusema pole, akainua mkono. Sijawahi kumwona amekasirika, yule mama. Hata wakati huo hakupaza sauti, alionekana tu amechoka kama mimi. "Ungemwambia yeye," akasema. "Angekukasirikia siku mbili, na ingeisha. Umengoja amekufa. Umechoka kubeba, sasa umenipatia mimi nibebe."

Mzee, alisema kweli. Nimegeuza hiyo maneno kila upande kutafuta mahali ameniongezea, na sijapata. Nilidhani naenda kutubu. Nilikuwa naenda kutua mzigo, na nikautua juu ya mjane siku ya dua ya mume wake.

Alichukua gololi kutoka mkononi mwangu, akairudisha kwa pochi, akafunga zipu. Hakunifukuza. Wakati wa kupika ulipofika alisimama tu kwa sufuria akachukua mwiko, na sikuuomba. Nikaosha vyombo. Nilianza kwako kwa kuosha vyombo, na siku ya arobaini yako nikaosha vyombo. Watu walikula, wakakuombea, wakasema chakula ni kitamu. Lemayian aliniuliza mbona sili. Nikasema tumbo.

Nikarudi Kitengela nikalala. Siku tisa sikusikia kitu. Simu yangu ilikuwa inalia, ni dada yangu, ni watu wa kanisa, si yeye. Niliacha kupika. Nilikuwa nanunua chapati kwa mama wa hapo nje na kula nimesimama. Nilisema basi, hii ndiyo imeisha, nyumba yako imefungwa kwangu, na nimeifunga mimi mwenyewe. Na sikuwa na nguvu hata ya kulia. Nilikuwa nakaa tu hivi nilivyokaa sasa, mlango wazi.

Jana Halima alikuja.

Ungemwona, Mzee. Amekuwa mrefu kukupita, anatembea kama wewe, mikono nyuma. Alikataa kukaa kwanza. Akaangalia vumbi, akaangalia kikombe, akachukua ufagio akafagia chumba changu bila kuniuliza. Nikajua mama yake amemwambia. Halafu akakaa kwa kitanda akafungua mkoba akatoa ile gololi yako ya uzi, akaiweka kwa meza kati yetu.

Akasema watu wameanza kumwuliza mama yake kuhusu kanga, tangu ile dua. Kuna harusi, kuna watu wa msikiti, Lemayian yuko tayari kutoa ndege. Ndugu yako atachinja. Lakini hakuna anayejua kuwatengeneza, na Halima anataka kujifunza. Mama yake amemtuma kwangu.

Nikamwuliza kama mama yake amenisamehe. Ni swali la mtoto, najua. Halima alifikiria, vile wewe ulikuwa unafikiria, unaangalia juu kwanza. Akasema, "Sijui, Anti. Hajasema hivyo. Amesema hii ni yako. Amesema utafunga mimi nikiwa nakuangalia."

Nikasema sawa. Ni haki yake. Nitafungia mbele ya macho ya mtoto wako kama mwanafunzi, na nina miaka arobaini na saba.

Alikuwa amesimama kwa mlango tayari kuondoka aliporudi. Akasema kuna kingine karibu asahau. "Mama amesema unifundishe kila kitu. Hata hiyo ya maji ya chumvi."

Akaenda. Nilisikia viatu vyake kwa ngazi hadi chini. Ndipo nikalia, Mzee. Nililia na sauti, hadi yule wa mageti akazima mashine akauliza huko juu kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu, ni msiba wangu umefika leo.

Kwa hivyo nimekuandikia. Sitaomba msamaha kwako kwa karatasi, nimechelewa, na mke wako amenionyesha hiyo si njia. Nitakupa ahadi tu, na wewe unajua ahadi zangu za haraka zilivyo, kwa hivyo hii nimeifanya polepole. Sitafunga uzi kwa ndege ambaye sikumwona akichinjwa. Uzi ukipotea, nitasema umepotea. Mbwa akila, nitasema mbwa amekula na mimi nilikuwa kwa simu. Na mtu akija kuniambia uzi wangu ni kama macho yako, nitamwambia akae chini nimweleze.

Gololi iko hapa mbele yangu. Imebaki kidogo, labda ya msimu mmoja. Ikiisha nitanunua nyingine nyekundu kama hii, na kifundo cha kwanza atafunga Halima.

Pumzika, Mzee Noor. Ndege imekufa, haikimbii tena, na mimi pia nimeacha kukimbia. Kesho kutwa asubuhi mtoto wako anakuja na kisu chake mwenyewe, tunaenda kwa Lemayian. Sitaanza na kunyonyoa wala na kidari. Nitachukua beseni nitie maji, nimwite akae karibu, na nimwonyeshe, kwa kanga aliyejifia bila kuchinjwa, vile nyama nyeusi inafanywa kuwa nyeupe, ili mtu asije akamdanganya kama nilivyokudanganya wewe.

Mimi wako wa jikoni,
Ndinda